Daftari la Kengele

Kila Jumapili alasiri, vyombo vikishaoshwa na kuanikwa kichanjani, Mwamini binti Salehe alikaa mkekani akaandika juma ambalo lilikuwa halijafika.

Daftari lilikuwa la mkandarasi anayetunza njia ya reli, kubwa, lenye jalada jeusi gumu. Kila ukurasa ulikuwa na mistari saba, na kila mstari ulitaka mambo matatu: kengele, taa, kibao. Jumatatu: nzima, nzima, kipo. Jumanne: nzima, nzima, kipo. Aliteremka hivyo mpaka Jumapili nyingine, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kulia ambao walimu waliusifu tangu darasa la tatu. Kisha mumewe Pazi alitia saini zote saba kwa mkupuo, bila kusoma, akaenda zake kuswali.

Kazi ilikuwa ya Pazi. Yeye ndiye aliyeajiriwa kutembea kilomita nane za reli kila asubuhi, nyundo begani, akikaza nati zilizolegea, na akirudi aandike hali ya alama kwenye kivuko cha Kwa Mwinshehe, pale barabara ya vumbi itokayo Marui inapokatiza reli kwenda Kongowe. Nyumba yao ilikuwa upande wa Kisarawe. Kivuko, hatua mia mbili tu kutoka mlangoni, kilikuwa upande wa Kibaha. Lakini Pazi akiandika, utadhani kuku kapita kwenye majivu. Mkaguzi, Bwana Ambokile, alimwambia mbele ya vibarua wenzake kwamba daftari lake linatia kichefuchefu. Tangu siku ile, miaka tisa sasa, Mwamini ndiye aliyekuwa mkono wa mumewe.

Na kwa nini aandike siku ambazo hazijafika? Usimcheke kabla hujamsikia. Ambokile alikuwa akizuka na kiberenge chake, kigari cha relini, siku yoyote, na akikuta mstari mtupu hana msamaha. Maneno ya kuandika nayo hayakuwa ya kuchagua. Mwaka ule wa kwanza Mwamini aliandika "mbovu", kwa kuwa kengele ilikuwa mbovu. Ambokile aliung'oa ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni.

"Mama, mbovu haiandikwi hivi hivi," alimwambia. "Mbovu ina namba ya fundi. Fundi anakuja, anathibitisha, anatoa namba, ndiyo unaandika. Fundi kaja?"

"Hajaja."

"Basi siyo mbovu."

Fundi hakuja mwaka ule wala uliofuata. Ikawa kila siku ni nzima, na kama kila siku ni nzima, kuna tofauti gani ukiandika Jumapili au Jumatano? Mtu mwenye mihogo ya kumenya na maji ya kuchota hagawi uongo mmoja mara saba kwa wiki.

Kengele yenyewe ilikuwa na tabia zake. Jua likiwaka, ililia vizuri mpaka mbuzi wakashtuka. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ilinyamaza. Ingekufa kabisa ingekuwa afadhali, watu wangeizoea maiti.

Alhamisi moja ya masika, mvua ikiwa siku ya tatu, Latifu, mtoto wao wa pili, alitoka Marui na kirikuu, kigari cha mizigo cha tajiri wake, nyuma kajaza magunia ya mihogo. Mbele alikaa naye Justa, mama wa makamo mwenye genge Kongowe, mwenye mzigo. Latifu alifika kivukoni, akapunguza mwendo. Vichaka vilikuwa vimefunga kona yote. Akashusha kioo, akasikiliza. Kimya. Akapita.

Treni iliwakumba ubavuni. Justa alifia pale pale. Latifu alivunjika mguu, na alipofungua macho hospitalini Kibaha alimkuta askari ameketi kando ya kitanda.

*

Ijumaa asubuhi Ambokile alikuja amevaa mabuti ya mvua. Mwamini alidhani amekuja kuwapa pole, akamtolea kigoda.

"Sikai, mama. Nimefuata daftari. Polisi wanalitaka."

Pazi aliingia ndani akalileta, kwa mikono miwili. Ambokile alifungua, kidole kikashuka mpaka Alhamisi. Nzima, nzima, kipo. Akashusha pumzi. Kidole kikaendelea kushuka: Ijumaa nzima, Jumamosi nzima, Jumapili nzima, saini chini ya saini. Akawatazama wote wawili, akalifunga na kulitia kwenye mfuko wa nailoni lisilowe.

"Poleni sana," alisema akiwa ameshageuka.

Mwamini alisimama mlangoni mpaka kiberenge kikapotea. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na kwa mara ya kwanza tangu jana haukuwa unakwenda kwa hofu peke yake.

"Baba Maulida," aliita. Maulida ndiye binti yao wa kwanza, aliyeolewa Msimbu. "Umeona? Leo Ijumaa. Kachukua daftari lina Jumamosi na Jumapili. Hakimu akifungua ataona zimeandikwa kabla. Atajua na Alhamisi iliandikwa kabla. Atajua sisi hatukuisikia hiyo kengele."

Pazi alifikiri. "Twende polisi sasa hivi tukaseme?"

Hapo ndipo walipoteleza, na si kwa ujinga. Mwamini aliukumbuka ule ukurasa ulioingia mfukoni mwa Ambokile miaka tisa nyuma. Tukisema leo, alimwambia mumewe, watalifungua, watauona, watauchana. Tunyamaze. Jambo hili likafunguliwe mbele ya hakimu, mahali ambapo mtu hawezi kuchana.

"Kweli," Pazi alisema. "Tunyamaze."

Jumamosi walikwenda hospitalini. Askari aliwapa dakika kumi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alipokuwa mvulana, Latifu alikuwa akilala kifudifudi kwenye mkeka ule ule, akimtazama mama yake akiandika, akimsomea siku kwa sauti ili asiruke mstari.

"Mama. Alhamisi ulikuwa umeshaiandika?"

Aibu ilimpanda Mwamini mpaka masikioni. "Nilikuwa nimeshaiandika."

"Na mimi nilisikiliza," Latifu alisema. "Wallahi nilishusha kioo nikasikiliza. Mama Justa akaniambia, pita mwanangu, ingekuwepo treni tungeisikia kengele."

Mwamini aliinama, akamnong'oneza habari ya Jumamosi na Jumapili. Aliona uso wa mwanawe ukifunguka kidogo, na uso ule akaondoka nao. Aliishi nao miezi saba.

*

Dhamana haikupatikana, kwa kuwa ilitakiwa nyumba na wao walikaa nyumba ya reli. Latifu alitoka hospitalini akaingia mahabusu na magongo yake. Kesi ya kusababisha kifo barabarani iliitwa, ikaahirishwa, ikaitwa tena. Na wiki mbili tu baada ya ajali, mafundi sita walishuka Kwa Mwinshehe na gari. Wale wale waliokosekana miaka tisa. Walifyeka vichaka, wakasimika nguzo ya njano yenye taa mbili mpya, kengele mpya, kibao kipya cha msalaba, na juu kabisa kioo cha sola. Nguzo ya zamani waliikata, wakaipakia, wakaondoka nayo. Mwamini alisimama na ndoo yake akawatazama wakichukua kile kitu pekee ambacho angeweza kumwonyesha mtu kwa kidole.

Asubuhi iliyofuata alimwagiza mtu daftari jipya la kaunta, akaanza kuandika tena, safari hii mambo yaliyopita.

Aliandika kila alama iliyowahi kusimama pale, kama alivyoijua. Mwaka alioletwa bibi harusi: geti la mti, rangi nyekundu na nyeupe, Pazi akilinyanyua kwa gurudumu la chuma na kubeba kandili yenye kioo chekundu. Mwaka aliozaliwa Maulida: lori la mbao lilivunja geti, halikurudishwa, kipande chake ndicho mlango wa banda letu la kuku mpaka leo. Mwaka wa jando la Latifu: ililetwa kengele na taa mbili, watu walitoka Marui kuja kuisikiliza, wanawali waliicheza. Mwaka Latifu alipomaliza darasa la saba: taa ya upande wa Kongowe ilipasuka. Mwaka tuliomaliza arobaini ya mama mkwe: kengele ilianza kunyamaza wakati wa mvua. Mwaka wa pili wake, kibao kilikatwa na watu wa chuma chakavu, ikabaki nguzo tupu.

Kurasa kumi na nne. Hakuruka wala hakufuta. Alipokuwa akiandika alipata raha asiyoitarajia, raha ya kuandika kitu na kukiamini. Alimsomea Pazi, na Pazi akamkosoa mahali pamoja tu: kandili ilikuwa na vioo viwili, na cha pili kilikuwa kijani.

*

Siku ya utetezi, Mwamini alikaa kwenye benchi la nje ya mahakama, Kibaha, daftari la kaunta limefungwa kwenye khanga. Kando yake alikaa mwanamume mrefu mwenye koti lililompwaya. Alikuwa Wilfred, mume wa marehemu Justa. Miezi yote hiyo walikuwa wakipishana bila kusalimiana.

"Mama," alisema, akitazama mbele. "Mimi sina ugomvi na mwanao. Mke wangu alimpenda, alisema ni kijana anayeendesha pole pole. Nataka mtu mmoja tu aniambie. Kengele ililia au haikulia?"

"Haikulia, baba."

"Sasa mbona wewe mwenyewe umeandika ililia?"

Mwamini alifungua mdomo. Karani akaita jina lake.

Wakili wa serikali alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa. Alimwekea lile daftari jeusi mbele yake.

"Mama, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Mwandiko mzuri sana. Hapa Alhamisi umeandika nini?"

"Nzima. Lakini niliandika Jumapili ya nyuma. Wiki nzima naiandika Jumapili." Aliweka kidole chini ya ukurasa. "Mheshimiwa, tazama Jumamosi na Jumapili hapo chini. Bwana Ambokile alilichukua daftari hili Ijumaa, siku ya pili ya ajali. Zilikuwa zimeshaandikwa. Kama naandika siku kwa siku, zimefikaje humo?"

Hakimu aliacha kuandika, akanyanyua macho. Latifu, kizimbani, aliegemea gongo lake akasogea mbele. Kwa muda wa kumeza mate, chumba kizima kilikuwa upande wao.

Binti yule alitoa karatasi moja kwenye jalada.

"Hii ni hati ya makabidhiano, mheshimiwa. Inasema daftari lilichukuliwa kwa mzee Pazi Jumatatu asubuhi, likafikishwa polisi Jumatatu hiyo hiyo. Jumamosi na Jumapili zilikuwa zimeshapita." Akamgeukia Mwamini. "Mama, saini hii hapa unaijua?"

Aliijua. Alikuwa ameiona ikitiwa mara saba kila wiki kwa miaka tisa. Alimtafuta mumewe kule nyuma. Pazi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ni ya mume wangu," alisema.

"Ahsante. Na hilo ulilofunga kwenye khanga?"

Alilifungua akalitoa. Binti alisoma ukurasa mmoja, wa pili. Hakucheka, na Mwamini alimshukuru kwa hilo.

"Limeandikwa lini?"

"Mwaka huu. Baada ya ajali."

"Kuhusu mambo ya miaka thelathini. Mwaka wa jando la Latifu ni mwaka gani, mama?"

"Ni huo. Mwaka wa jando."

Nyuma kuna watu walicheka. Hakimu aliwanyamazisha, akaomba alione. Aligeuza kurasa kadhaa, taratibu, kama mtu anayelisoma kweli. Kisha akalirudisha.

"Mama, sisemi unasema uongo," alisema. "Lakini daftari moja lina mihuri ya mkaguzi ya kila mwezi kwa miaka tisa, na jingine lina wino wa mwaka huu. Mahakama ifanye nini?"

Mwamini alilifunga tena kwenye khanga.

Wiki iliyofuata mahakama ilikwenda kuona eneo la tukio. Lilikuwa jua kali. Treni ya mizigo ilitokea, taa mbili zikawaka, kengele mpya ikalia mpaka hakimu akaziba sikio moja. Karani aliandika kwenye faili lake. Mwamini alikuwa karibu, na macho yake yalijua kusoma maandishi ya kichwa chini. Karani aliandika: kengele inafanya kazi.

Latifu alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

*

"Ulisaini nini, Baba Maulida?"

Walikuwa wamerudi nyumbani, hawajavua hata viatu.

"Jumatatu ile Bwana Ambokile aliniletea karatasi kule njiani," Pazi alisema. "Aliniambia ya mahudhurio. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisaini." Halafu mzee yule, ambaye Mwamini hakumwona akilia hata walipomzika mama yake, alikaa chini kwenye kizingiti akalia kwa sauti. Mwamini alitaka kumchukia. Alijaribu. Lakini ni yeye aliyesema tunyamaze, na ni mkono wake ulioandika, na chuki ya kugawana na mtu mwingine alikuwa hana.

Ambokile alipita mwisho wa mwezi na daftari jipya. Hakuteremka kwenye kiberenge.

"Mzee, mkataba wako umeongezwa mwaka," alisema. "Mama, endelea na mwandiko wako ule. Ofisini wanaupenda."

Jumapili ya kwanza Mwamini hakuligusa. Jumapili ya pili alisema ataandika siku iliyopita tu, jioni kwa jioni, alichokisikia kwa masikio yake. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano kengele ya nguzo ya njano ilikwaruza tu, haikulia, akaandika mbovu. Ambokile alikuja, akaung'oa ukurasa, akautia mfukoni.

"Fundi kaja, mama?"

Jumapili ya tatu Pazi aliweka daftari mkekani, na kalamu juu yake.

"Andika, Mama Maulida," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Jumamosi ndiyo siku ya kumwona mtoto. Wakinifukuza tutakwenda na nini? Tutakaa wapi akitoka?"

Mwamini aliitazama kalamu. Kisha akaishika. Jumatatu: nzima, nzima, kipo. Jumanne. Jumatano. Alipomaliza Ijumaa alisikia mtikisiko unaoujua unyayo kabla ya sikio: treni ya saa kumi, ikitoka upande wa Soga. Akasimamisha kalamu. Pazi naye, aliyekuwa akinoa panga, akasimama. Walisikiliza wote wawili. Magurudumu yalikuja, yakapita, mabehewa ishirini na kitu, yakaenda zake. Hakuna kilicholia.

Hawakutazamana. Jumapili ile ile waliyokuwa ndani yake, ya mwisho kwenye ukurasa wa juma lililokuwa likiisha, Pazi alikuwa ameshaijaza mwenyewe asubuhi kwa mwandiko wake wa kuku, na hakukuwa na haja ya kufungua ukurasa ili kujua inasema nini.

"Imebaki mistari miwili," Pazi alisema taratibu.

Aliandika Jumamosi. Aliandika Jumapili. Akasogeza daftari upande wa mumewe atie saini, akajifunga khanga kiunoni, akatoka.

Saa kumi na moja huja treni nyingine, ikiteremka kwa kasi, na dereva wake hana desturi ya kupiga honi. Mwamini alishuka hatua mia mbili mpaka kivukoni, akasimama katikati ya barabara, chini ya nguzo ya njano, mikono ameitanua. Miguu ilishaanza kuusikia mtikisiko. Bodaboda ilikuja kutoka upande wa Marui, imepakia mwanamke na mtoto. Kijana alifunga breki nusura ateleze, akachungulia reli, akachungulia taa zilizozimika, akapiga honi mara mbili.

"Mama, tupishe bwana," alisema, bila ubaya wowote. "Si unaona kengele haijalia?"